Kabla Hujakata Ekzosi ya Pikapu Yako

Ukifika gereji ukasema unataka kuweka ekzosi kubwa, swali la kwanza utakaloulizwa mara nyingi ni kama unataka gari lilie. Swali hilo limeharibu pikapu nyingi zilizokuwa nzima. Gari la kazi halibadilishiwi ekzosi ili lilie. Linabadilishiwa ili moshi utoke kwa wepesi, turbo iamke mapema, joto lipungue mlimani ukiwa umebeba, na bomba lenyewe lisioze baada ya masika mawili. Sauti huja yenyewe, na kwa dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Sumbawanga akiwa na tani moja nyuma, sauti kubwa ni uchovu mtupu.

Nitazungumzia zaidi pikapu za dizeli za Toyota, kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye barabara zetu: Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, pamoja na Hilux za 2KD na 1KD, na hizi za 2GD na 1GD zilizoanza kutoka mwaka 2015. Mwenye Isuzu, Ford au Nissan atakuta mengi ni yale yale.

Hakikisha ekzosi ndiyo yenye kosa

Pikapu isiyovuta hupelekwa kwa fundi ekzosi wakati ugonjwa wake uko kwingine. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli imezidi hewa: angalia kichujio cha hewa, mpira wa kwenye intakula uliochanika, nozeli zinazochuruza, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kwenye gari la turbo mara nyingi ni turbo yenyewe inayovujisha. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia ndani au dizeli isiyoungua. Hakuna bomba linalotibu lolote kati ya hayo, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hajawasha grenda.

Ukishajiridhisha, lichunguze bomba lililopo. Gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe asubuhi na umwambie mwenzako akunje tambara nene, avae glovu, azibe mdomo wa bomba kwa sekunde chache. Wewe chungulia chini kuanzia mbele kwenda nyuma. Mfumo usiovuja utalisukuma tambara kwa nguvu na injini itaanza kulemewa. Unaovuja utausikia ukitoa mlio mwembamba wa upepo kwenye kiungo au kwenye mshono. Mahali pa kuvuja pana alama yake pia: masizi meusi yaliyotanda kama unyoya kuanzia ukingo wa flenji, makavu, yanayochafua kidole. Alama hiyo ukiikuta kati ya manifoldi na turbo, umepata sababu ya turbo kuchelewa, maana nguvu iliyotakiwa kuizungusha inatorokea njiani.

Kisha gonga sailensa kwa kisigino cha kiganja, ikiwa ya baridi. Ikitoa mlio wa vyuma vinavyocheza ndani, sahani zake zimeng'oka. Sahani iliyong'oka inaweza kulala kwenye njia ya moshi na kuiziba nusu, na gari likapoteza nguvu polepole hata mwenyewe usigundue lilianza lini. Hapo sailensa mpya ya kawaida inaweza kukurudishia gari lako bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Ukitaka uhakika zaidi, fundi achomelee nati ndogo kwenye bomba, baada ya turbo na kabla ya sailensa. Mfunge hapo mrija mwembamba wa shaba wenye urefu wa mita moja au zaidi ili joto lipoe, na mwisho wake mweke geji ya shinikizo. Panda mlima ukiwa na mzigo, mwenzako asome namba. Kazi ya nusu siku tu, na ndiyo itakayokuwezesha baadaye kujua kama fedha yako imefanya kitu, kwa sababu utapima tena palepale baada ya kubadilisha.

Injini inataka nini

Tuanze na 1HZ, kwa kuwa ndiyo inayoongoza kwa watu kuitumia fedha vibaya. Injini hii haina turbo na nguvu yake ni kama farasi 130 tu. Bomba lake la kiwandani, likiwa zima, linaitosha. Ukiliongeza upana utapata tofauti ndogo sana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo itakuwa ya masikio. Kwa 1HZ ya kawaida, fedha iende kwenye chuma kitakachodumu na viungo visivyovuja, si kwenye inchi.

Mambo hubadilika kabisa ukishaifunga 1HZ turbo ya kununua, jambo ambalo wengi hufanya. Injini ambayo haikuundwa kwa turbo sasa inapewa hewa na dizeli zaidi, na joto la moshi linapanda. Pistoni zake ni za aluminiamu, madini ambayo yakiwa halisi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoziokoa ni oili na maji yanayozipoza, pamoja na dereva anayejua kinachoendelea. Kwa hiyo turbo ya kuongeza iende pamoja na bomba pana na geji ya joto la moshi, sensa yake ikiwa kwenye manifoldi kabla ya turbo. Asiye na fedha ya vitu vyote vitatu, ushauri wangu ni asianze kabisa.

Hilux za turbo ndizo zinazofaidika. Gurudumu la turbo linazungushwa na tofauti ya shinikizo kati ya upande moshi unakoingia na upande unakotokea. Upande wa kutokea ukibanwa, tofauti inapungua na turbo inachelewa. Sasa fikiria kiasi cha hewa kinachohusika: injini ya lita 3 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta takriban lita 4,500 za hewa kila dakika, hata kabla turbo haijaongeza chochote. Hewa hiyo ikitoka ikiwa na nyuzi 400 inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukua ilipoingia. Inapokwenda nyuma inapoa na kusinyaa.

Maana yake ni kwamba bomba linahitaji kuwa pana zaidi mbele, pale moshi unapotoka kwenye turbo na kushuka chini ya kabini. Hapo ndipo kuna kona kali, na hapo ndipo watengenezaji hubana kwa sababu ya nafasi na gharama. Nusu mita hiyo ya kwanza ina thamani kuliko mita tatu zinazofuata. Mafundi wengi hufanya kinyume: huacha bomba la mbele kwa kuwa kulifungua ni kazi ngumu, wakakata nyuma, wakaweka sailensa ya kunguruma na mdomo mpana unaong'aa. Gari linalia na halijabadilika. Kama bajeti yako inatosha kipande kimoja tu, nunua cha mbele.

Upana wenyewe usikusumbue sana. Kutoka inchi 2.5 kwenda inchi 3 kunaongeza nafasi ya kupita moshi kwa asilimia 44, kwa sababu eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa 1KD au 1GD inayobeba na kuvuta, inchi 3 inatosha na kubaki. Kwa 2KD isiyo na intakula, inchi 2.5 iliyokunjwa vizuri ni ya kutosha. Inchi 4 chini ya Hilux inakula nafasi ya kutoka ardhini na kusogelea kila kitu, bila faida utakayoiona.

Na usiahidiwe farasi. Kwenye injini zenye pampu ya shinikizo kubwa na kompyuta, kiasi cha dizeli kinaamuliwa na kompyuta. Bomba linaipa injini nafasi ya kupumua, haliiongezei chakula. Utakachopata kwa haki ni turbo inayoitika mapema kidogo, joto la chini kwenye mlima mrefu, na gia moja usiyolazimika kushusha.

Kwenye pikapu ya petroli, kama Hilux ya 2TR ya lita 2.7, bomba pana kupita kiasi linaweza kupunguza mvuto wa chini, kwa sababu mwendo wa kasi wa moshi ndio unaosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Huko pia kuna sensa za oksijeni: tundu dogo kabla ya sensa linaingiza hewa ya nje, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inaongeza, na wewe unalipa kituoni.

Kununua

Kuna njia mbili: seti kamili iliyotengenezwa kwa gari lako, au fundi akutengenezee. Seti nzuri nyingi za pikapu hizi zinatoka Australia, ambako Hilux na Land Cruiser hufanyishwa kazi ngumu kama kwetu, na wanaendesha kushoto mwa barabara, usukani ukiwa kulia, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Jambo hilo la usukani si dogo. Bomba la mbele hupita jirani na nguzo ya usukani, na seti iliyoundwa kwa usukani wa kushoto inaweza kugoma kabisa kuingia kwenye gari lako. Kwa hiyo seti ya bei nzuri kutoka Ghuba au Marekani iulizie upande wake kwanza. Msomaji wa Bukavu, Bujumbura au Kigali mwenye usukani wa kushoto aligeuze onyo hili.

Unaponunua usiseme tu Hilux. Toa namba ya chesisi iliyo kwenye kibati: HZJ79, KUN25, KUN26, GUN125, GUN126. Hilux mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na injini tofauti na urefu tofauti. Taja kama ni kabini moja au mbili, kama bodi ya nyuma imebadilishwa, na kama umeongeza tanki la mafuta, kwa sababu tanki la ziada mara nyingi hukaa pale pale bomba linapotaka kupita.

Sasa chuma. Watu wengi hudhani ekzosi inaozeshwa na matope na maji ya barabarani. Adui mkubwa yuko ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Ukiendesha safari ndefu mvuke huo unatoka wote. Ukienda sokoni na kurudi, unageuka maji kwenye sailensa ambayo haijapata moto, unachanganyika na salfa ya mafuta na kuwa asidi, na chuma kinaliwa usiku gari likiwa limelala. Dizeli yetu imekuwa na afadhali tangu Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliposhusha salfa hadi sehemu 50 kwa kila milioni, lakini maji ni yale yale. Ongeza chumvi ya hewa ya Tanga, Mombasa au Lamu, na utaelewa kwa nini sailensa ya gari la pwani linalotembea karibu karibu hutoboka kabla ya ile ya gari la mashamba ya Iringa.

Chuma cheusi cha kawaida ndicho cha bei ndogo na ndicho kinachoondoka mapema. Kilichopakwa aluminiamu kinadumu zaidi, ila pale kilipochomelewa upako huungua na kutu huanzia hapo. Chuma cha pua cha daraja la 409, chenye kromiamu asilimia 11 hivi, hugeuka kahawia kwa nje lakini hakitoboki upesi. Kwa gari la kazi ningekichagua hiki bila wasiwasi. Daraja la 304, chenye kromiamu 18 na nikeli 8, ndicho kinachobaki king'avu na ndicho ghali. Nenda dukani na sumaku mfukoni. 304 haivutwi na sumaku, au inavutwa kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa. 409 inavutwa sawasawa na chuma cheusi. Kwa hiyo sumaku ikiganda kwenye bomba unalouziwa kwa bei ya 304, rudisha fedha mfukoni. Unene usipungue milimita 1.5.

Bomba moja likatae hata kama fundi ni rafiki yako: la maji, la galvanaizi. Linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ni la bei nafuu, na linachomeleka. Lakini upako wake ni zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomwachia fundi homa, kutetemeka na kifua kubana usiku ule. Kisha huyeyuka kwenye nyuzi 420, joto ambalo bomba la karibu na turbo hulifikia kwenye mlima. Fundi anaumia na wewe unabaki na bomba lisilo na kinga.

Angalia kona. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kawaida linabonyea ndani ya kona, na inchi 3 uliyoilipia inakuwa inchi 2.5 mahali penye shida zaidi. Kona nzuri hukunjwa kukiwa na kishikizo kinachojaza ndani ya bomba ili lisibonyee. Ukiipitishia kiganja haina makunyanzi. Fundi asiye na mashine hiyo anunue kona zilizokwisha kukunjwa na kuziunganisha kwa mabomba yaliyonyooka. Mishono itakuwa mingi, lakini njia itabaki pana.

Sailensa ichungulie upande mmoja ukiielekeza kwenye mwanga. Ukiona mwanga moja kwa moja na bomba la ndani lenye matundu, hiyo inapitisha moshi kwa wepesi na kunyonya sauti kwa pamba ya chuma au nyuzi za kioo zilizojazwa pembeni. Kwa dizeli yenye turbo, sailensa moja ya namna hiyo, ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, inatosha, maana turbo yenyewe imeshavunja sehemu ya kelele. Usiondoe sailensa zote. Mngurumo utakaoufurahia kwa dakika kumi mtaani ndio utakaokaa na wewe kwenye kabini saa nane za barabara kuu, na kelele ya desibeli 85 kwa muda huo ndiyo mpaka ambao wataalamu wa afya kazini huanza kuhofia masikio. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na trafiki kokote Afrika Mashariki hahitaji kipimo kusikia gari lisilo na sailensa.

Kufunga

Jioni ya kabla, loweka nati zote kwa mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi rudia. Nati ya flenji ya turbo isiyotaka kutoka ipashwe moto, ifunguliwe kidogo, irudishwe, ifunguliwe tena. Isilazimishwe kwa bomba refu. Stadi ikikatikia kwenye turbo, kazi ya saa mbili imegeuka kuwa ya siku mbili na bei nyingine.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, toa terminali za betri. Waya wa ardhi wa mashine ufungwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono, usifungwe chesisi upande wa pili, kwa sababu umeme ukipita kwenye giaboksi unaacha makovu kwenye beringi. Chuma cha pua kikiunganishwa na chuma cheusi kinataka rodi za 309L. Rodi za kawaida zitashika leo na kupasuka baada ya miezi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, maana mirija ya dizeli iko pale pale.

Funga vipande vyote kwa ulegevu kwanza, kuanzia mbele hadi nyuma, vikining'inia kwenye raba zake. Vinyooshe. Ndipo uanze kukaza, ukianzia kwenye turbo kurudi nyuma. Anayekaza kipande kimoja kimoja hufika mwisho bomba likiwa limejipinda, na mpindo huo unakaa kama nguvu inayovuta turbo usiku na mchana. Gasketi iwe mpya na ya chuma. Silikoni haikai kwenye joto hilo. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi, fundi ajaye atakushukuru.

Turbo haibebi bomba. Hili ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote katika mabomba ya kuchonga: kipande kizito cha inchi 3 kimefungwa kwenye turbo na raba ya kwanza iko mita moja nyuma. Barabara ya makorongo inalitikisa, manifoldi inapasuka. Kishikizo cha kwanza kiwe kwenye giaboksi, ili bomba la mbele litembee pamoja na injini, na baada yake kiwekwe kipande laini cha waya wa kufumwa kinachokubali kujikunja. Kipande hicho kina kazi ya pili. Bomba la 304 lenye urefu wa mita tatu, joto lake likipanda kwa nyuzi 300, hurefuka kwa takriban milimita 15. Urefu huo lazima upate pa kwenda. Ukilichomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi, litatafuta pa kwenda lenyewe, na litapasua.

Sasa nafasi. Inua gari kwa chesisi ili ekseli ya nyuma ining'inie kabisa, uangalie bomba na propela, mirija ya breki na waya wa hendibreki. Lishushe, lipakie mzigo wa kawaida, uangalie tena. Pasipungue milimita 25 popote, na karibu na tanki, waya au mpira wa breki weka bati la kukinga joto hata kama nafasi inaonekana kubwa. Usisahau tairi la akiba la Hilux lililoning'inizwa chini ya bodi: bomba jipya lililopita kwa karibu litalipika polepole, na utalijua siku unapolihitaji. Anayepita porini wakati wa kiangazi aangalie pia vishikizo na mabati yasiwe na mifuko ya kunasa nyasi. Nyasi kavu juu ya ekzosi ya moto zimeteketeza magari mengi ya safari.

Mdomo wa bomba

Ili kuokoa bomba, gereji nyingi hukatia ekzosi kabla ya tairi la nyuma au chini ya katikati ya bodi. Kataa. Pikapu ikitembea, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani ya turubai au kanopi, na hubeba moshi wa chini ya bodi. Wanaokaa nyuma ni vibarua, wanafunzi, mama aliyeombewa lifti. Moshi una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini ina masizi, na mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mdomo wa bomba upite nyuma ya tairi la nyuma na ufike nje ya ukingo wa bodi. Matundu ya zamani ya sakafu ya kabini na mipira ya milango vikaguliwe siku hiyo hiyo.

Katalisti na kichujio cha masizi

Utashawishiwa kuvitoa. Ndani ya katalisti kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana kuna watu wanaonunua masega yake kwa bei nzuri hata kwenye gereji ndogo. Anayekwambia kwamba katalisti inaua nguvu anaweza kuwa ndiye mnunuzi. Katalisti nzima haibani kwa kiasi utakachokihisi. Iliyoziba inabana, na dawa yake ni kujua kwa nini iliziba, kisha kuweka nyingine. Seti nzuri huja na katalisti pana ya kwake.

Kichujio cha masizi kilichopo kwenye dizeli mpya kina sensa za joto na za shinikizo, na hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye nyuzi kama 600. Ukikikata, kompyuta inaingia katika hali ya kujilinda na gari linatambaa, hadi mtu aivuruge programu yake. Kwa wengi shida si kichujio. Ni gari linaloishi kwenye foleni za Ubungo au Thika Road bila kupata nafasi ya kujisafisha. Litoe barabara kuu mara kwa mara, liende nusu saa kwa mwendo thabiti, na tumia oili yenye majivu machache iliyoandikwa kwa ajili ya magari hayo. Kwenye gari lenye kichujio hiki, seti unayonunua iwe ile inayoanzia baada yake.

Kulijaribu

Chagua mlima unaoufahamu na uupande kabla na baada, kwa mzigo ule ule na gia ile ile: Kitonga kwa anayepita Iringa, au kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Soma geji ya shinikizo na ya joto. Mafuta yapime kwa matanki kadhaa, si kwa safari moja, kwa sababu upepo na foleni vinaweza kudanganya. Mngurumo ukiganda kwenye kabini mizunguko ikiwa karibu 2,000, kabla hujaongeza sailensa angalia kama kuna mahali bomba linagusa bodi. Mara nyingi ni raba moja iliyovutwa kupita kiasi.

Baada ya safari ya kwanza acha gari lipoe kabisa, kisha kaza nati zote tena. Rudia baada ya kilomita 1,000. Pitisha kidole kwenye kila flenji. Kikitoka kikavu na kisafi, umefunga vizuri. Kikitoka cheusi, gasketi ibadilishwe, isikazwe tu.

Bomba la kiwandani usiliache gereji. Kama bado zima, lifute, lizibe midomo kwa gunia na ulihifadhi, kwa ajili ya siku ya kuuza gari au siku ambayo kipande cha seti kitapasuka na kingine kinasubiri meli. Kama lina katalisti, lipakie nyuma ukiwa unaangalia na uondoke nalo siku hiyo hiyo.